Maji Saba Uani kwa Bi Mwanaisha

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mlio hapa mbele, na asifiwe zaidi na wale waliojibana nyuma karibu na mlango, maana huko nyuma ndiko nilikokuwa nikikaa mimi, tayari kutoroka mahubiri yakianza kunigusa.

Wengi mnanijua. Mimi ni Rahel, mama wa sabuni. Mmefulia sabuni yangu na kuogeshea watoto wenu. Leo sikuja kuuza. Nimekuja kusema jinsi Mungu alivyoniokoa na uongo mmoja niliouuza kipande kwa kipande, hapa hapa Kisauni, kabla bendera haijabadilishwa.

Nilikuja kutoka Machakos kumfuata mume wangu Yosefu, aliyekuwa mpakuzi bandarini. Tulipanga chumba kwa Bi Mwanaisha, mjane Mwislamu wa ukoo wa zamani wa Mombasa. Nyumba yake ilikuwa ya makuti, yenye ua mpana na kisima. Mimi hata kusalimia sikujua. Siku ya kwanza nilimwambia "jambo" kama ninayemsalimia mtu wa rika langu. Bi aliniambia taratibu kwamba kwao mdogo humwamkia mkubwa shikamoo, na akiitwa huitika abee, haulizi "nini?" Niliona ananidharau, kumbe alikuwa ameshaanza kunilea.

Ndugu zangu, nilikuwa na kiburi. Nilijiona mimi ndiye niliyeokoka na yule mama yumo gizani. Kila asubuhi niliimba nyimbo za dini uani kwa sauti kubwa, na sikuimba kwa ajili ya Mungu. Niliimba ili Bi Mwanaisha asikie. Naye alinisikiliza tu, na siku moja akasema nina sauti nzuri, ila ningeipunguza kidogo kuku wapate kutaga.

Basi Yosefu akaangukiwa na gunia bandarini, akalala na mgongo miezi minane. Nikaanza kufulia watu nguo. Lakini maji ya kisima kile yana chumvi, na wenyeji wa huku mnajua taabu yake. Sabuni ya dukani haikutoa povu, iliganda juu ya maji kama maziwa yaliyoharibika, na nguo zikabaki na utando. Nikirudishiwa nguo nilizozifua, nalia.

Bi Mwanaisha aliniona nikilia. Akanichekea, akaleta mbuzi ya kukunia nazi, akaniambia niketi. Siku hiyo ndiyo aliyonifundisha sabuni ya mama yake.

Sabuni ile haina kitu kisichopatikana jikoni au duka la jirani. Unakuna nazi, unakamua tui, unalichemsha mpaka mafuta yajitenge. Pembeni unaloweka magadi pamoja na chokaa, unaacha yatulie, unachota yale maji ya juu yaliyo safi. Ni maji makali, yanatoboa ngozi. Ukitumbukiza yai likaelea, ujue yamefikia ukali wake. Unayamimina kidogo kidogo kwenye mafuta yaliyo motoni, ndani ya chungu, si sufuria, maana sufuria yataila. Unakoroga upande mmoja bila kupumzika mpaka mwiko uache njia. Mwishowe unaimwaga kwenye sanduku lililotandikwa majani ya mgomba, unaikata, unaiacha kivulini majuma manne.

Na baada ya majuma manne kuna jambo moja, naomba mlishike, kwa sababu ushuhuda wangu wote umesimama juu yake. Sabuni inaonjwa. Unaigusa kwa ncha ya ulimi. Ikikuuma bado mbichi, magadi hayajakwisha kazi. Ikinyamaza imeiva. Mimi sikuweza, ulimi wangu ulikuwa mwoga. Kwa hiyo kila nilipopika, Bi Mwanaisha ndiye aliyenionjea. Aligusa, akafumba macho, akasema, "Imeiva," au, "Ngoja."

Sabuni ile ilitoa povu hata kwa maji ya bahari! Nguo zilitoka safi, wateja wakaongezeka, na wanawake wa mtaani wakaanza kutaka sabuni yenyewe. Yosefu akapona, akarudi kazini. Ninawaambia hili la Yosefu kupona kwa makusudi. Nisije nikawadanganya kwamba njaa ndiyo iliyonifikisha pabaya. Njaa ilikuwa imekwisha. Kilichonifikisha pabaya ni uvivu wa kukuna nazi na tamaa ya kusifiwa.

Binamu yangu Mutua alikuwa mpishi kwa Mzungu mmoja huko Nyali. Mzungu yule alikula nguruwe kila asubuhi, na mafuta yaliyobaki kwenye kikaango Mutua aliyakusanya kwenye mikebe, hajui ayapeleke wapi. Siku moja nikamwomba mkebe mmoja. Nikachanganya na mafuta ya nazi, nusu kwa nusu. Ndugu zangu, sijapata kuona sabuni kama ile. Ilikuwa nyeupe, ngumu, haiyeyuki upesi, na povu lake zito.

Mutua si mtu wa kanisa, lakini aliniuliza kama majirani zangu wanajua. Nikamjibu kwamba mafuta ni mafuta, yakishapikwa na magadi nguruwe hayupo tena. Akainua mabega, akaniletea mikebe mingine.

Nilijua! Sisemi nilidanganywa na shetani nikiwa usingizini. Nilijua kwamba kwa majirani zangu Waislamu mnyama yule ni najisi, nyama yake na mafuta yake, na kwamba nguo iliyoguswa naye haiwafai kwa sala. Nilikuwa nimekaa uani kwao miaka mitatu, nimekula pilau yao ya Idi. Nilijua yote.

Sabuni ya kwanza ya namna ile ilipofika majuma manne, nilimpelekea Bi Mwanaisha mche mmoja kama kawaida. Akautoa ulimi, akaonja. Mimi nimesimama pale natazama.

"Imeiva," akasema. "Tena imetakata, mashallah. Umetia nini leo?"

"Ni mkono tu, Bi."

"Basi mkono wako una baraka, mwanangu."

Nikafurahi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba siku ile nilifurahi.

Ikapita mwaka na zaidi. Wateja walitoka mpaka Ziwa la Ng'ombe. Wanawake walifulia kanzu za waume zao za Ijumaa, waliosha vyombo, waliogesha wazee. Wakiniuliza siri nilisema ni mafuta ya nazi na jasho. Na kila mwezi Bi aliniita, akaonja, akasema imeiva. Jumapili nilikuwa hapa kanisani, huko nyuma karibu na mlango. Mtu akilala na deni la namna ile hazoei, anajizoesha tu.

Miezi michache kabla ya Uhuru Bi Mwanaisha akashikwa na kifua. Alikohoa, akapungua, akawa anashinda kitandani. Asubuhi moja akaniita.

"Rahel."

"Abee, Bi."

Akaniomba nimfungulie sanduku lake la mbao nikaanike vilivyomo, visije vikaliwa na nondo. Akanipa ufunguo. Wale mliokaa na wazee wa Kiislamu mnajua kwamba wengi wao hujiwekea sanda yao wakiwa hai. Nikakuta sanda nyeupe imekunjwa vizuri, kafuri, udi, na kifurushi kidogo cha leso. Nikakifungua. Ndani mlikuwa na mche wa sabuni yangu. Ile nyeupe.

Nilisimama na sabuni ile mkononi. Bi akasema kutoka kitandani, bila hata kunitazama, "Hiyo ndiyo ya kuniosha siku yangu. Nimewaambia wanangu wasitafute nyingine."

Ndugu zangu, nguo ukiichafua inafuliwa. Lakini huyu alikuwa anakwenda mbele ya Mungu wake, ameoshwa kwa kile ambacho maisha yake yote alikikimbia, na aliyempa ni mimi, na alikipokea kwa sababu alinipenda.

Sasa sikilizeni moyo wa mwanadamu ulivyo mjanja. Sikutubu. Nilikwenda kukuna nazi! Nilipika sabuni safi, mafuta matupu ya nazi, nikangoja majuma manne nikiomba Mungu amweke Bi hai mpaka iive. Kisha nikamwambia Bi sanda inahitaji jua tena. Akanipa ufunguo. Nikautoa mche ule, nikautia mwingine ndani ya leso, nikafunga. Nikaenda nikautupa ule wa kwanza chooni. Nikashukuru kwamba Bwana amenifanyia njia.

Nilikaa na amani ya kujitengenezea siku tatu. Jumapili nikaja mbele, nikasimama hapa hapa niliposimama leo, kutoa ushuhuda wa jinsi Mungu alivyoibariki sabuni yangu. Nikafungua kinywa. Nikamwona Bi Mwanaisha akiutoa ulimi, mwezi baada ya mwezi, akifumba macho. Sabuni ya sandukuni nilikuwa nimeibadilisha. Ule ulimi ningeubadilisha na nini? Na kanzu za watu, na vyombo vyao? Maneno hayakutoka. Wazee wakadhani ni Roho amenijaa, wakaanza kuimba. Ulikuwa ni uongo, ulikuwa umenikaba.

Baada ya ibada nikamweleza Mzee Zakaria, mzee wa kanisa letu wakati ule. Akatoka jasho. Alisema nitubu kwa Mungu, na kwa wanadamu ninyamaze. Msimlaumu. Siku zile maneno yalikuwa mengi mno. Wengine walitaka mwambao ujitawale wenyewe, wengine uende pamoja na bara, na sisi watu wa bara tulitazamwa kila tulipopita. Mzee aliniambia, "Dada Rahel, ukisema hili utatuchomea nyumba sote. Ngoja kwanza Uhuru upite."

Yosefu naye, nilipomwambia, akasema yeye atafunga mizigo, na mimi nikaseme.

Nikaenda asubuhi, Bi amekwisha sali, yuko kwenye mkeka wake. Nikapiga magoti. Nikasema shikamoo, akaitika marahaba. Nikasema yote. Mikebe ya Mutua, mwaka na zaidi, ulimi wake, sabuni ya leso, na jinsi nilivyoibadilisha kwa ufunguo alioniamini nao. Sikuacha kitu, kwa sababu nilijua nikiacha kimoja kitaniua.

Bi Mwanaisha hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Aliniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. Kisha akasema, "Toka, mwanangu. Nifungie mlango."

Siku tatu mlango ule haukufunguliwa kwangu. Tulikuwa tumekwisha kufunga magodoro. Niliona mwalimu wa chuo cha Kurani akiingia kwake, akatoka bila kunitazama. Siku ya nne Bi aliniita uani. Walikuwapo wanawake wanane, wateja wangu, wamejifunika buibui, wameketi kwenye majamvi. Nyuso zao sitazisahau. Bi mwenyewe amekalishwa kitini, amefungiwa leso kifuani.

Akasema kwamba amemwuliza mwalimu, na mwalimu amesema asiyejua hana dhambi, Mungu anaijua nia yake. Lakini kila kilichoguswa kitaoshwa, na kwa mnyama yule kuosha kwake ni maji mara saba, moja ya hizo saba yawe na udongo safi.

"Dhambi si yetu, hatukujua," akasema. "Kazi ni yako."

Mwanamke mmoja, Bi Zuhura, akasimama akasema mimi ni wa kufukuzwa, na watu wa bara wote warudi kwao. Wengine wakaitikia. Nikamkumbuka Mzee Zakaria. Bi Mwanaisha akainua mkono, na kikohozi kikamshika, wakangoja mpaka kikapita.

"Huyu hakushikwa," akasema. "Amekuja kwa miguu yake. Mimi sina mtu mwingine aliyenijia kwa miguu yake akaniambia la aibu yake. Wallahi, aliyekuja mwenyewe hafukuzwi. Atafua."

Nikafua! Ndugu zangu, nilifua majuma mawili. Kanzu, mashuka, leso, mito, sahani, masinia, majamvi. Nilichota maji kisimani, nikachimba udongo safi kando ya ua, nikaukoroga ndani ya maji ya kwanza. Kisha maji ya pili, ya tatu, mpaka saba. Kitu kimoja, maji saba. Kingine, maji saba. Viganja vyangu vilibabuka. Bi Mwanaisha alikaa kitini akihesabu, na nikiruka moja aliniambia nirudie. Nilimkumbuka yule Naamani wa Biblia, aliyeambiwa ajichovye mara saba akakasirika kwa sababu lilikuwa jambo dogo. Mimi nilikuwa nimesoma habari ile tangu utoto, na sikujua kwamba inachosha mgongo.

Lakini siku ya kwanza, kabla sijagusa nguo hata moja, Bi aliniambia nimletee maji kikombeni, na udongo. Nikadhani ni ya mikono. Akautia udongo kwenye maji, akakoroga kwa kidole. Akayatia kinywani.

Mama yule, wa ukoo ule, mgonjwa, akasukutua matope mbele yangu, akatema. Akanyoosha kikombe nimtilie maji safi. Ya pili. Ya tatu. Mimi ndiye niliyemimina, na machozi yalikuwa yanaingia humo humo kikombeni, akaniambia nigeuze uso pembeni yasije yakaharibu hesabu. Mara ya saba alitema, akajifuta mdomo kwa ncha ya leso, akasema tu nianze na mashuka.

Hapo ndipo nilipookoka. Watu huniuliza saa yangu ya wokovu, na wengi wanatarajia niseme ni siku mwinjilisti fulani alipokuja. La. Niliokoka nikiwa nimeshika mtungi, namwona mtu mwingine akila udongo kwa ajili ya kosa langu. Nilikuwa nimehubiriwa msalaba miaka yote nisiuelewe. Siku ile niliuelewa.

Ile sabuni safi niliyoificha kwenye leso, Bi hakutaka ibaki. Alisema haina ubaya wowote, ila imeingia kama mwizi. Akaitoa, akaniambia niitumie kufulia.

Wateja wengi hawakurudi. Bi Zuhura alizitupa nguo zake zote, wala hakunisalimia mpaka alipohama mtaa, na sikumlaumu. Nikakaa bila kupika sabuni, nikawa nafulia tu, kwa sabuni ya dukani, na ule utando wake. Uhuru ukaja, watu wakacheza ngoma usiku kucha, na hakuna nyumba iliyochomwa.

Baada ya Uhuru hazikupita siku nyingi, Bi Mwanaisha akaniita. Alikuwa hawezi tena kuketi bila kuegemezwa. Akamwambia bintiye atoe nazi zilizokuwa chini ya kitanda, na ile mbuzi, vifike uani mbele ya dirisha lake. Akasema nipike, aone. Nikakuna nazi zote kwa mkono, yeye ananitazama kupitia dirishani. Nikakamua, nikachemsha, nikatia maji ya magadi na chokaa, nikakoroga upande mmoja mpaka mwiko ukaacha njia. Majuma manne nilimwomba Mungu kama nilivyomwomba mara ile, lakini safari hii sikuwa na la kuficha.

Nikampelekea mche wa kwanza. Haukuwa mweupe sana, rangi yake kama pembe ya ng'ombe. Nikasema, "Bi, nitaonja mwenyewe. Nimejifunza." Na kweli nilikuwa tayari.

Akatikisa kichwa. Akaunyoosha mkono, nikampa. Ndugu zangu, aliutoa ulimi wake, ule ule, akaigusa sabuni yangu, akafumba macho.

"Imeiva," akasema.

Akaifunga kwenye leso kwa mikono yake mwenyewe. Juma lililofuata alifariki. Mimi si wa dini yao, sikuingia chumbani alimooshwa. Nilisimama uani nikichota maji, nikipokelewa ndoo mlangoni. Bintiye alipopita kuingia ndani nikaona leso ile mkononi mwake.

Namshukuru Mungu kwa yule mama. Namshukuru kwa Yosefu, aliyefunga mizigo badala ya kunifunga kinywa. Na wewe uliyekaa huko nyuma karibu na mlango, unajua mwenyewe ni nini umemwuzia jirani yako, na ni nani anayekuonjea kila mwezi akikuamini. Nilikuwa naogopa kama wewe. Mwamini Bwana, umwendee mtu wako leo angali na ulimi wa kukujibu. Maji ya kuoshea yapo, na kama mgongo wako umechoka, niite, nitakuja nikusaidie kuchota.